Bukari ya Mvua

Wenye maduka wa Likasi, huku Kongo, wananijua kama yule mama anayesoma. Nikiingia kununua biskuti au kopo la nyanya, kwanza naligeuza nyuma, nasogea mlangoni penye mwanga, kisha nayasoma yale maandishi madogo ambayo hata aliyeyaandika sidhani kama alitegemea mtu ayasome. Muuza duka mmoja aliwahi kuniuliza kama ninatafuta jina la ndugu yangu humo. Nilimjibu kwamba ninamtafuta adui yangu. Alicheka, akadhani ni mzaha.

Siku hizi nasoma kwa mazoea tu. Binti yangu amekuwa mkubwa, anajisomea mwenyewe, tena haraka kuliko mimi. Lakini kuna miaka ambayo kusoma huko ndiko kulikuwa kazi yangu ya kweli, na ile ya ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, ya kuandika watoto waliozaliwa na watu waliokufa, ilikuwa ya kando. Ilikuwa miaka migumu. Nashangaa ninavyoitamani irudi. Naitamani kwa sababu mama yangu alikuwa hai na jiko lake lilikuwa linafuka moshi.

Tulikaa Panda, mtaa wa hapa Likasi, katika nyumba ya kambi ambayo baba aliachiwa na kampuni aliyoifanyia kazi karakanani maisha yake yote. Babake ndiye aliyekuja kutoka Kasai, akaandikwa kazi ya shaba, asirudi tena kwao. Baba alipofariki, mimi na mume wangu tulihamia kwa mama ili asibaki peke yake na kuta. Mume wangu alikuwa akiuza sururu, makoleo na kamba kwa wachimbaji wa Kambove, na nyumbani tulimwona Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine zote tulikuwa wanawake watatu: mama, mimi, na binti yangu mdogo. Mtoto alimwita mama yangu Kaku, yaani nyanya, kama Wakasai wanavyosema, na mtaa mzima ukafuata, hata watu wenye mvi zao walimwita Kaku.

Mwiko wa nyumba ile ulikuwa wa mama peke yake. Mimi niliruhusiwa kuosha mboga, kutwanga sombe ya majani ya muhogo, kupepea mbabula mpaka makaa yashike, lakini maji yakichemka na unga ukiwa tayari nilisogezwa kwa kiwiko. Bukari ya Kasai, ndiyo ugali wetu, huchanganya mahindi na muhogo, na mama alikuwa na sheria moja tu juu yake: lazima ivutike. Ukikata tonge, liwe linakataa kidogo kuachana na wenzake. Bukari inayovunjika vunjika aliita uji uliozeeka. Wageni walipokuja, hakuangalia nyuso zao, aliangalia vidole vyao, na tonge la kwanza likivutika alirudi jikoni ameridhika, hata kama kitoweo kilikuwa kichache.

Mimi nililelewa na bukari hiyo. Tena nilijua, tangu nikiwa msichana wa shule, kwamba ile ya miezi ya mvua ilikuwa tamu kuliko ya kiangazi: nyeupe zaidi, laini, inavutika mpaka unacheka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtoto haulizi kwa nini chakula cha mamake ni kitamu. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tukigombania ukoko wa chini ya nyungu, na mvua inapiga mabati, na baba anatuambia tukae kimya asikie redio.

Binti yangu alianza kuumwa alipoacha ziwa langu na kuanza kula vya watu wakubwa. Tumbo lilimvimba, mikono ikawa myembamba, choo kikawa maji kila siku, na kila nguo niliyomshonea ilibaki kumtosha mwaka mzima, jambo ambalo wenzangu walilisifu kama bahati mpaka walipomtazama vizuri. Alikuwa na miaka minne na watu walimkadiria miwili. Alikuwa hachezi. Alikaa kwenye kizingiti akiwatazama wenzake, na mimi nikipita na ndoo nilikuwa nageuza uso.

Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo. Tukampeleka tena, akapewa tena. Tuliombewa kanisani, mikono mingi juu ya kichwa kidogo, na namshukuru kila aliyeomba. Lakini nje ya kanisa walikuwapo walionong'ona neno jingine, kwamba mtoto anayenyauka hivyo analiwa, na anayemla hayuko mbali, yuko humo humo ndani. Hawakutaja mtu. Hapakuwa na haja, kwa sababu kizee cha nyumba yetu kilikuwa kimoja tu. Mama aliyasikia. Alikuwa akienda kisimani na kurudi bila kusalimiwa na baadhi ya wanawake aliowazalisha kwa mikono yake. Nyumbani hakulisema jambo hilo hata siku moja.

Katika baridi ya mwezi wa sita mume wangu alitupeleka Lubumbashi, kwa daktari mmoja ambaye alikuwa amesomea mbali. Alimgusa mtoto tumbo, akamtazama kucha, akaniuliza mambo ya choo bila kuona haya, akatoa damu ikapelekwa huko inakopelekwa. Tuliporudi baada ya majuma kadhaa alikuwa na jibu. Alisema tumbo la mtoto huyu linaikataa ngano, ngano yoyote na ndugu zake kama shayiri, na kila ikiingia inachubua utumbo ndani. Kwa kuwa utumbo umechubuka, na maziwa nayo hauyawezi kwa sasa, ingawa maziwa yanaweza kurudi siku moja. Ngano hairudi. Alisisitiza kwamba hata chembe ni nyingi, na kwamba itajificha. Nilimwuliza mtoto atapona lini. Alijibu kwamba atapona siku nitakapojua kila kinachoingia kinywani mwake.

Nililichukua neno hilo kama amri ya vita, na mimi kwa ugomvi sijambo. Nilifukuza mkate. Nikafukuza mikate, zile donati za kukaangwa zinazouzwa asubuhi kila kona, nikafukuza biskuti, makaroni, na gato, zile keki za sherehe. Nikafukuza maziwa ya unga na chai yake, siagi ya kopo, na ule unga wa uji waliokuwa wakitupa zahanati kwa huruma, maana niliposoma mfuko niliwakuta wote wawili humo, ngano na maziwa, wamekaa pamoja. Kisha nikaanza kuwakuta mahali pasipo na sababu: kwenye kube za supu tulizokuwa tukitia kwenye sombe, kwenye soseji, kwenye peremende. Nilijifunza majina yao ya Kifaransa, ya kawaida na ya kujificha. Baadhi ya maduka yalianza kunikunjia uso nikiingia.

Mama hakujua kusoma, basi nikamfundisha kwa mdomo. Jioni tulikaa barazani, mimi nikitaja, yeye akirudia kama mafundisho ya kanisa: mkate hapana, mikate hapana, biskuti hapana, makaroni hapana, gato hapana, maziwa hapana, kube hapana. Mtoto alikuwa akiitikia naye, akicheka kila tukifika kwenye gato. Mama hakukosea hata mara moja. Nilijivunia ualimu wangu.

Na mtoto akapona. Mwezi wa saba tumbo lilianza kushuka. Mwezi wa nane nilimsikia akikimbia uani, nikaacha kufua nikaenda kuhakikisha ni miguu yake. Mwezi wa tisa, miembe ikichanua, nguo ilimbana kwapani, na mimi nilikaa na ile nguo mapajani nikalia kwa furaha. Wanawake wa kisimani walianza kumsalimia mama tena, wengine wakiuliza dawa ni ya nani.

Mvua zikaanza. Krismasi ilipopita, tumbo lilikuwa limerudi.

Sikuamini. Nilihesabu kila tonge, nilikagua kila mfuko, nilinusa mikono ya mtoto akitoka kucheza. Choo kikawa maji kama zamani. Akarudi kwenye kizingiti chake. Ninavyojua mimi, mtu akishaonja kupona halafu akaporwa, anahitaji wa kumlaumu, na mimi sikuchelewa kumpata. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja aliyekaanga mikate kila asubuhi kando ya barabara, mwanamke mkubwa kwangu, mcheshi, ambaye mtoto alimpenda. Nilimwona mara mbili akimwita mtoto na kumpa kitu mkononi. Mara zote mbili kilikuwa karanga. Lakini hasira haina macho.

Siku moja nilimfuata pale pale kwenye karai lake, wateja wakiwa wamesimama na visahani vyao. Nilimwambia anamwua mwanangu kwa mikate yake. Nilisema mengi, na kwa sauti. Nilimwambia kwamba mwanamke asiyebahatika kupata wajukuu asichezee wa wenzake. Neno hilo likishatoka nilitaka kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yeye aligeuza mikate yake upande wa pili isiungue, na wateja wakatazama chini.

Mama alinisikia kutoka uani. Niliporudi aliniambia kwa Kiluba cha Kasai, lugha aliyoitumia akichukia, kwamba ulimi wangu utaniacha peke yangu siku moja. Kisha akaenda kupika. Nakumbuka bukari ya siku hiyo ilivyovutika. Nakumbuka nilivyokula, kwa hasira na kwa njaa, nikamwomba aongeze, na nikamwambia kwamba angalau katika nyumba hii kuna kitu kimoja kinachokwenda sawa. Alitabasamu. Alinikatia mimi, akamkatia na mtoto.

Ilikuwa mwezi wa pili nilipoelewa. Usiku kulikuwa na mvua ya nguvu, na asubuhi tulikuta ofisi inavuja, vitabu vya vizazi vimelowa, mkubwa wetu akatuambia tuvianike kisha twende nyumbani. Nilifika saa tano hivi. Sikupita mbele kwa sababu ya matope, nilizunguka kwa nyuma, na jikoni nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda chake, chekeche mkononi. Mbele yake palikuwa na beseni la unga wa mahindi. Kando ya beseni palikuwa na kifuko cha plastiki chenye unga mwingine, mweupe zaidi, laini zaidi. Alichota konzi moja, akaichekecha juu ya mahindi, akachanganya kwa vidole, taratibu, kama alivyofanya maisha yake yote.

Niliegemea mlango.

"Mama, ile ya mweupe ni nini?"

Hakushtuka. Hakuwa na la kuficha.

"Farini ya mikate. Kidogo tu, ya kufunga bukari. Wakati ya mvua, muhogo yote iko inaoza, haikauke. Unazani ingevutika na nini?"

Akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto mambo ya wazi. Wanawake wanaoleta muhogo kutoka upande wa Buluo, mvua zikianza huleta uliooza na kuwa mweusi, unanuka, na ukiutia kwenye bukari ni aibu kwa mwenye nyumba. Basi tangu siku za posho, kampuni ilipokuwa ikigawa chakula cha mwezi na unga wa ngano ukiwamo, wanawake wa kambi walijifunza kufunga bukari ya mvua kwa konzi moja ya ngano. Kila mmoja alifanya, na hakuna aliyesema, kwa sababu mwanamke wa Kasai hatangazi kwamba muhogo umemshinda. Kwa mamake alifanya hivyo, na alipokuwa akinilea mimi alifanya hivyo. Kiangazi muhogo ukikauka, aliiacha ngano.

Nikamwuliza kama hakukumbuka daktari alivyosema.

"Munganga alikataza mikate," alisema. "Bukari, hakuikataza. Na weye mwenyewe unaipenda. Kila siku unaniambia niongeze."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya jiko, na gauni langu la ofisi. Yote yalinijia kwa pamoja. Miezi ya ukame mtoto mzima, miezi ya mvua mtoto mgonjwa, na mimi nikisoma makopo ya watu mjini huku nikirudi kusifia sahani yenyewe. Kulikuwa na msemo uliokuja kinywani, kikulacho ki nguoni mwako, nikaumeza, kwa sababu haukuwa wa haki. Mama alikuwa ametii kila neno nililomfundisha. Nilimfundisha majina ya vitu vilivyokwisha kupikwa. Sikumwambia habari ya unga, wala sikumwuliza hata siku moja bukari yake anaipika vipi. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto, na mimi karani mwenye stempu nilikuwa nimeona kuuliza mama jikoni kwake ni kupoteza wakati.

Nikamwambia polepole. Kwamba ni unga wenyewe. Kwamba mkate au bukari kwa tumbo la mtoto ni mamoja, na kupikwa hakuusafishi.

Vidole vyake vilisimama ndani ya beseni. Alitazama mlangoni, upande wa barabara, kule walikopita wanawake wa kisimani.

"Basi ile banasemaka ni kweli," alisema. "Ni minye niko namukula."

Nimeandika vifo vingi katika kazi yangu, nimesikia watu wakilia kwa kila namna. Sijasikia neno lililoniumiza kama lile. Nilimshika mikono yote miwili, ikiwa na unga vile vile, nikamwambia hapana, mama, ni minye sikukufundisha muzuri. Nilisema mara nyingi. Sijui kama aliniamini. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akaita kutoka barazani kwamba ana njaa, na mama akajaribu kuinuka kumjibu, akashindwa, nikainuka mimi. Siku hiyo mtoto alikula viazi vitamu na karanga, na unga ule tulimpa jirani wa nyuma kwa kuku wake.

Nilijua jambo moja kwa hakika: mtaa usijue. Neno hilo likifika kisimani, kwamba ugonjwa wa mtoto ulitoka katika nyungu ya Kaku, hakuna atakayesikiliza habari za ngano na utumbo. Watasema walijua. Nimeona vizee vikifukuzwa nyumbani kwao kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mume wangu aliporudi Jumamosi nilimweleza tukiwa njiani, mbali na nyumba, naye akasema kwamba yeye hajasikia kitu. Nampenda kwa mengi, na hilo ni mojawapo.

Lakini kwa jirani wa mikate ilikuwa lazima niende. Nilikwenda asubuhi, wateja wakiwapo, kwa kuwa nilimtukana mbele ya wateja. Aliniacha nimesimama. Alimaliza kukaanga karai zima, akahudumia kila mtu, akafuta mikono, ndipo akaniangalia. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, nikamwomba msamaha, na kwa lile neno la wajukuu nilimwomba mara ya pili. Aliniuliza kama nimepata kilichokuwa kinamwumiza mtoto.

"Nimekipata, yaya. Ilikuwa minye. Kuna mufuko sikuusoma."

Alinitazama sana. Alikuwa Mkasai kama sisi, wa umri wa kukumbuka posho, na mpaka leo naamini alielewa yote pale pale, na mfuko gani. Alisema tu kwamba mvua za mwaka huu zimeharibu muhogo wa watu wengi. Kisha akanipa karanga nimpelekee mtoto.

Mama aligoma kupika. Siku nne nzima mwiko ulilala, nikapika mimi, bukari ya mahindi matupu iliyovunjika vunjika. Siku ya tano nilimkuta jikoni anasugua chekeche kwa majivu. Nilikuwa nimemweleza kwamba ngano hukaa kwenye matundu, na kwamba mti hunyonya. Chekeche alilisugua, akalitazama juani, akalitupa. Kisha akauchukua mwiko wake, mweusi kwa miaka, aliopewa na mamake siku ya harusi, akautia mwenyewe ndani ya mbabula. Nilitaka kumzuia. Alinisogeza kwa kiwiko.

Tangu hapo, mvua ziliponyesha, jikoni kwetu muhogo ulining'inia juu ya moto. Alinunua ule uliovunwa asubuhi, akaukata vipande vyembamba, akautunga kwenye waya juu ya mbabula, akaugeuza kila saa, akiamka na jua na kulala wa mwisho ili usishike ukungu. Nyumba nzima ilinuka moshi, nguo zangu za ofisi zilinuka moshi, na mkubwa wangu aliniuliza kama nimeanza kuuza samaki. Bukari ikawa ya rangi ya majivu na ladha ya moshi, na ilivutika, ingawa si kama zamani. Mama hakuangalia tena vidole vya mtu. Aliangalia tumbo la mtoto, kila asubuhi, kwa kiganja.

Tumbo lilishuka na halikurudi. Miaka miwili baadaye daktari aliturudishia maziwa, kijiko kwa kijiko. Mtoto alirefuka, akampita Kaku wake kabla ya kumaliza shule ya msingi, na Kaku alikuwa akimsimamisha ukutani mbele ya wageni ili waone. Kisimani waliona pia. Mama alikufa kwa uzee, kitandani kwake, amesalimiwa na kila mtu, na siri yake ilibaki kwa watu watatu, labda wanne.

Nilifikiri nimemaliza kuomboleza. Kisha, mwaka huu, mvua za mwezi wa kwanza zikanikuta peke yangu nyumbani, mume wangu Kambove, binti shuleni kwenye mitihani mpaka jioni, na mabati yanapigwa kama enzi zile. Nikapatwa na hamu ambayo siwezi kuielezea vizuri. Nilikwenda dukani nikanunua kifuko cha ngano, mimi, ambaye nilikuwa sijakiingiza katika nyumba ile miaka kumi na miwili. Niliazima nyungu na mwiko kwa watu, nikawasha mbabula nje, barazani, mbali na jiko letu. Konzi moja, juu ya mahindi. Nikasonga kama nilivyomwona akisonga. Ilitoka nyeupe, laini, na nilipokata tonge lilikataa kuachana na wenzake, na mimi nilikuwa tena mtoto wa mama yangu, na nililia wazi wazi.

Sikusikia geti. Binti yangu alikuwa amesimama na begi lake, amelowa, mitihani imeisha mapema. Nilifunika sahani kwa mikono yangu kama mwizi. Alinusa. Hakusogea karibu, tangu mdogo amejua umbali wake.

"Ile njo bukari ya Kaku," alisema.

Nilimwambia hawezi kuikumbuka, alikuwa mdogo mno. Akasema anaikumbuka, ya mvua, kabla ya ile ya moshi, kwamba Kaku alikuwa akimpa ukoko wa chini, na kwamba kila aliponiuliza kwa nini ilibadilika nilikuwa nabadili maneno. Ilikuwa kweli. Basi nikamwambia, kila kitu, mvua ikinyesha: unga, muhogo wa Buluo, wanawake wa kisimani, mwiko ndani ya moto. Alisikiliza akiwa amesimama vile vile. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kaku alijua kama inaniumiza?"

"Hapana. Siku ile alijua, hakuipika tena mpaka kufa."

Alikaa kwenye kizingiti, begi miguuni. Nikainuka ili nikaimwage, nikanawe, nimkumbatie. Akanionyesha kwa mkono nirudi nikae.

"Kula, mama. Ivute sana, nione."

Nikakata tonge kubwa, nikalivuta mpaka mwisho wa mkono wangu, na yeye akalitazama mpaka lilipokatika.